Wimbo Unaowatukana Walimu

Kwa miaka 36 nilikuwa mwalimu, na 27 kati ya hiyo nilikuwa mkuu wa shule. Kwa miaka 50 na ushei nimekuwa pia mpenzi wa bendi ya Kiingereza iitwayo Pink Floyd. Msomaji anayeifahamu bendi hiyo ameshaanza kucheka, kwa kuwa wimbo wao uliovuma kuliko nyimbo zao zote ni ule unaowatukana walimu. Nimechekwa kwa jambo hili katika ofisi za walimu za shule nne. Mke wangu, ambaye huuita muziki huo "muziki wa wodini", huwaambia wageni kwamba mume wake analipia matusi yake mwenyewe.

Sina jibu la haraka la kuwapa wanaocheka. Nataka nieleze hapa ninavyouona wimbo ule baada ya kuusikiliza kwa zaidi ya miaka 40, nikiwa mpenzi wa wanaotukana na papo hapo mmoja wa wanaotukanwa.

Niliwafahamu Pink Floyd kabla hawajaandika wimbo huo. Mwaka 1974 nilikuwa katika mwaka wa mwisho wa chuo cha ualimu. Tulikuwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Uingereza aliyetufundisha Fizikia, kijana mwenye ndevu aliyependa kula ugali kwa kijiko. Aliporudi kwao aliniachia kaseti moja. Ilikuwa The Dark Side of the Moon, albamu iliyotoka Machi 1973. Niliiweka kwenye redio kaseti ya chuo, nikasikia moyo wa mtu unadunda. Baadaye zikalia saa nyingi kwa pamoja, saa ambazo fundi mitambo wao, Alan Parsons, alizirekodi katika duka la saa za kale. Mimi niliyekulia kwenye kwaya ya kanisani na dansi ya Jumamosi sikujua kuwa vitu kama hivyo vinaruhusiwa kuitwa muziki.

Maneno mengi yalinipita. Lakini kuna mahali katika albamu ile ambapo mwanamke analia, anapiga kelele, ananyamaza, kisha anaanza tena kwa sauti ya chini, bila kutamka neno lenye maana katika lugha yoyote. Hapo sikuhitaji mkalimani. Nimesikia kilio cha namna hiyo katika misiba mingi ya kwetu, kikianza juu na kushuka taratibu kadiri nguvu zinavyomwishia mwenye kulia. Mwanamke yule ni Clare Torry. Aliitwa studio mara moja tu, akalipwa pauni 30, akaenda zake. Mwaka 2004 alifungua madai, na mwaka uliofuata yakamalizwa nje ya mahakama, naye akaanza kutajwa kama mtunzi mwenza. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu litarudi. Bendi hii ilikuwa na kipaji cha kuazima koo za watu wengine, na ilikuwa nzito kukumbuka deni.

Sasa niuendee wimbo wenyewe. Jina lake ni Another Brick in the Wall, yaani tofali jingine katika ukuta, na ninaousema ni sehemu ya pili, maana ziko tatu. Mtunzi ni Roger Waters, mpiga besi. Albamu yake, The Wall, ilitoka tarehe 30 Novemba 1979, na wimbo huu ndio uliokuwa wa kwanza kwa mauzo Uingereza wakati wa Krismasi ya mwaka ule.

Waters alizaliwa mwaka 1943. Baba yake aliuawa vitani huko Anzio, Italia, Februari 1944, mtoto akiwa na miezi mitano. Baba huyo kazi yake ilikuwa ualimu. Mama yake naye alikuwa mwalimu. Kwa hiyo mtu aliyeifanya dunia nzima iimbe dhidi ya walimu ni mtoto wa walimu wawili, jambo ambalo wenzangu wa ofisini hawakuwahi kuliamini mpaka niwaapie. Nadhani anayemlaumu mwalimu kwa uchungu kiasi kile ni mtu aliyetegemea kitu kutoka kwake. Yatima yule alipelekwa katika shule ya wavulana hapo Cambridge, akawakuta wanaume wenye umri wa baba yake, na baadhi yao wakamfanyia kejeli. Yeye mwenyewe ameeleza katika mahojiano kwamba hana ugomvi na elimu, na kwamba alikuwa akiwasema wenye mamlaka wanaoyatumia vibaya. Namwamini. Ila wimbo ukishatoka haufuatani na mtunzi wake kila mahali kwenda kutoa maelezo.

The Wall ni hadithi ya mwanamuziki aitwaye Pink anayejijengea ukuta kati yake na watu, kila jeraha la maisha likiwa tofali: kifo cha baba, mama anayemlinda kupita kiasi, walimu, ndoa iliyovunjika. Waters aliipata fikra hiyo baada ya onyesho la Montreal mwaka 1977, alipomtemea mate shabiki aliyekuwa karibu na jukwaa, kisha akajiogopa. Walipoionyesha jukwaani mwaka 1980 na 1981, ukuta halisi wa matofali ya karatasi ngumu ulijengwa mbele ya wanamuziki mpaka watazamaji wasiwaone tena. Mwalimu alikuwa mwanasesere mkubwa wa kutisha, mwembamba, aliyechorwa na Gerald Scarfe. Nikimtazama mwanasesere yule hujiuliza ni nani anayemvuta kamba. Wasikilizaji wengi hawajiulizi, ingawa Waters ametoa jibu. Katika kipande kifupi kinachotangulia wimbo wenyewe, anaeleza kuwa walimu wale wakifika nyumbani walipigwa na wake zao. Na katika filamu ya mwaka 1982 iliyoongozwa na Alan Parker tunamwona mwalimu mezani akilazimishwa na mkewe kumeza kipande cha nyama kisichotafunika. Kabla ya hapo tumemwona darasani akimsomea mtoto shairi lake mbele ya wenzake ili wamcheke.

Mimi fimbo nilizochapa nimezisahau nyingi. Ninayoyakumbuka ni maneno. Namkumbuka msichana wa kidato cha pili niliyesoma insha yake kwa sauti ya kumwigiza, darasa likaangua kicheko, naye akaendelea kuniangalia tu. Kiboko kina kikomo chake. Kule Uingereza kilikomeshwa katika shule za serikali mwaka 1987, na kwetu kanuni za mwaka 2002 ziliweka mwisho wa viboko vinne. Kejeli haina daftari la adhabu wala mkaguzi wa kuipitia. Hapo Waters alipiga panapouma, nami kama mhakiki na kama mtuhumiwa nampa haki yake.

Lakini sikiliza tena jinsi wimbo ulivyotengenezwa. Mwanzoni ulikuwa na ubeti mmoja na kiitikio kimoja, ukaisha. Mtayarishaji wao, Bob Ezrin wa Kanada, ndiye aliyeshauri uwekewe mdundo wa disko, ambao bendi hii ilikuwa ikiudharau, kisha akaurudufu ili uwe na nafasi ya ubeti wa pili, akataka ubeti huo uimbwe na watoto. Wenyewe walikuwa Los Angeles. Fundi wao aliyebaki London akatoka katika studio yao iliyokuwa Islington, akaenda shule ya jirani, Islington Green School, akamwona mwalimu wa muziki, Alun Renshaw. Mwalimu yule akawachukua watoto 23 akaenda nao studio. Mkuu wa shule alikuja kujua baadaye. Alipoyajua maneno aliwazuia watoto wasionekane kwenye televisheni. Namwelewa mama yule kuliko ninavyoweza kueleza. Shule ililipwa pauni 1,000, na watoto wenyewe hawakupata mgawo wa mauzo. Mwaka 2004, wakiwa watu wazima, baadhi yao walijitokeza kudai.

Zisikilize sauti zao. Zinaimba kwamba hazina haja na elimu wala kutawaliwa mawazo, kwa Kiingereza cha mitaani kinachokanusha mara mbili, kosa ambalo mwalimu yeyote angelipigia mstari mwekundu. Lakini hazina hasira hata kidogo. Aliyewahi kukaa na watoto anaitambua sauti ile upesi: ni sauti ya darasa lililotolewa nje ya darasa saa za masomo. Wanaingia pamoja, wanatoka pamoja, hakuna anayetangulia. Watoto 23 hawaimbi hivyo bila mtu mbele yao kunyanyua mkono. Wimbo unaosema mwalimu hafai umebebwa na kazi ya mwalimu, na bila yeye ungebaki kipande kifupi cha mtu mmoja kulalamika. Sijui kama Waters amewahi kuucheka mkasa huo. Mimi huucheka kila mara, kisha likifuata lile gitaa la David Gilmour mwishoni, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kumshinda mtu, huacha kucheka.

Nina sababu nyingine ya kutoucheka sana. Mwaka 1986 nilikuwa mkuu wa shule ya bweni ya wavulana. Usiku mmoja wa Jumamosi nilikuwa nikizunguka na tochi, nikasikia kiitikio kile kikitoka bweni la kidato cha tatu, wavulana kama 30 wakipiga vitanda kwa ngumi. Wimbo ule niliujua. Nilikuwa nimeusikia mara kadhaa katika redio ya BBC, ingawa albamu yenyewe sikuwahi kuipata, kwa kuwa miaka ile hata sabuni ilikuwa ya kutafuta. Nikasimama gizani chini ya mwembe. Lazima niseme ukweli: sikuingia mpaka walipomaliza.

Mwenye kaseti alikuwa kijana mmoja ambaye mjomba wake alikuwa baharia. Jumatatu mstarini nilimwita mbele ya shule nzima, nikamchapa viboko vinne kwa kosa la kuwadharau walimu, nikaandika katika daftari, na kaseti nikaitaifisha. Usiku ule nikafunga mlango wa ofisi, nikaisikiliza tangu mwanzo hadi mwisho, pande zote mbili. The Wall ninayoijua mimi, hii ninayoihakiki hapa, niliijua kwa kaseti ile.

Kasoro kubwa ya wimbo huu ni kwamba haubagui. Unapomaliza, mwalimu anayeonea na mwalimu anayeokoa wamo katika tofali moja. Ushahidi wangu bora siutoi Uingereza. Ulitoka Afrika Kusini. Mwaka 1980 wanafunzi weusi na machotara wa kule waligoma kwenda shule kupinga elimu ya kibaguzi, na wimbo huu wakauchukua wakaufanya wao. Serikali ya makaburu ikaupiga marufuku mwaka huo huo. Hapo maneno ya Waters yalipata nguvu ambayo hayakuwa nayo London, kwani elimu waliyoikataa watoto wale ilikuwa imetungwa makusudi kwa sheria ya mwaka 1953 ili iwaandae kwa utumishi.

Sasa mimi nakaa Morogoro. Kilomita chache kutoka mjini ni Mazimbu, ambako chama cha ANC kilianzisha shule kuanzia mwaka 1978 na kuipa jina la Solomon Mahlangu. Vijana waliokimbia baada ya maandamano ya Soweto ya mwaka 1976, vijana wa rika lile lile lililozikataa shule za makaburu, walivuka mipaka mpaka wakafika hapa, na walichokitaka kilikuwa madarasa. Madawati yakatengenezwa, maabara ikajengwa, ng'ombe wakafugwa. Nilifika pale mara mbili kabla hawajatukabidhi majengo mwaka 1992. Wanafunzi walisoma kama watu wanaokula baada ya njaa. Hawakuwa wamebadili msimamo tangu walipogoma. Walikuwa wanajua tofauti kati ya elimu na elimu, na wimbo wa Waters hauijui tofauti hiyo. Mwalimu Nyerere aliiandika mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea, ambayo chuoni tuliisoma mpaka tukaichoka: aliilaani elimu ya mkoloni kwa ukali usiopungua wa Waters, halafu akageuza ukurasa akasema tufanye nini. Najua mtu atanijibu kwamba wimbo wa dakika nne si waraka wa sera. Ni kweli. Lakini Pink Floyd hawa hawa walikuwa na nyimbo za dakika 17 na zaidi, na nafasi ya kugeuza ukurasa haikuwa tatizo kwao.

Na waliwahi kufanya hivyo vizuri zaidi. Animals ya mwaka 1977, ambayo wengi huiruka, imegawa watu kuwa nguruwe, mbwa na kondoo, kwa mbali ikimfuata George Orwell wa Shamba la Wanyama, kitabu ambacho Fortunatus Kawegere alitutafsiria mwaka 1967 na ambacho nimekifundisha mara nyingi. Kwa Orwell kondoo ni wa kuitikia tu. Kwa Waters kondoo wanainuka, wanawashinda mbwa. Ni albamu kavu, isiyobembeleza. Ubora wake ni kwamba msikilizaji hajui aketi upande gani. Nikiisikiliza najiona kondoo, na zikipita dakika chache najiona mbwa. Katika wimbo wa walimu kila mtu anajua mahali pake tangu mwanzo.

Iliyo bora kuliko zote kwangu ni Wish You Were Here ya mwaka 1975. Imeandikwa kwa ajili ya Syd Barrett, aliyesoma shule moja na Waters na ndiye aliyekuwa mtunzi wao mkuu katika albamu ya kwanza ya mwaka 1967. Akili yake iliharibika kwa dawa za kulevya na maradhi, na mwaka 1968 wakaachana naye. Juni 1975, wakiwa Abbey Road wanaishughulikia albamu hiyo, aliingia studio mtu mnene, amenyoa nywele na nyusi. Walimwona anatembea humo ndani wakadhani ni mfanyakazi wa jengo. Ilichukua muda mpaka mmoja akatambua kuwa ni Syd mwenyewe, na baadhi yao wakalia. Akaondoka, akaenda kuishi kimya Cambridge hadi alipofariki mwaka 2006. Albamu nzima ina ubaridi wa watu waliokaa chumba kimoja na mwenzao bila kumjua. Hakuna anayelaumiwa humo, na ndiyo maana inauma kuliko The Wall. Siku hizi macho yangu yamepungua nguvu, na kila wiki mtu mzima mwenye mvi hunisimamisha njiani akaniamkia, nami hujibu marahaba huku nikitafuta uso wa mtoto katika uso ule nisiupate.

Mwaka 2019 nilikuwa kituo cha mabasi cha Msamvu nikisubiri basi la Dodoma. Mwanamume mnene mwenye koti la jeshi la zamani alinijia, akapokea begi langu bila kuuliza.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Nikumbushe."

Akaniambia mwaka na bweni. Bado sikumpata. Ndipo akaanza kupiga kwa vidole juu ya begi langu, ule mdundo wa disko, polepole, nami nikajua. Nikataka kusema jambo ambalo nilikuwa nimelipanga kwa miaka mingi, lakini akaniwahi kwa kicheko. Alisema siku ile mstarini hakuelewa kosa lake. Wenzake walimwambia amechapwa kwa kuwadharau walimu, yeye akadhani amechapwa kwa kuimba vibaya, kwa sababu nilipoingia bwenini neno la kwanza nililouliza lilikuwa ni nani aliyekuwa anachelewa kuingia kwenye kiitikio.

"Niliuliza hivyo?"

"Uliuliza, mwalimu. Tukajua kumbe unaujua."

Sikumbuki kabisa kuuliza swali hilo. Basi likaanza kuita abiria. Alinisaidia kupanda, akaniwekea begi juu, kisha akainama dirishani.

"Na kaseti yangu je, mwalimu? Bado ipo?"

Nikamwambia ipo. Imo kabatini nyumbani, upande wa pili umeanza kunyong'onyea kidogo karibu na mwisho, na jina lake bado limeandikwa pale kwa kalamu ya wino. Alinipa namba ya simu, nikaiandika nyuma ya tiketi.